Mtu Chini ya Kichaka

Alikuwa fundi rangi. Likoni, Changamwe na Kisauni, pande zote tatu za ng'ambo ya kisiwa, ukisema "Fundi" bila kuongeza neno watu walijua ni yeye, ingawa maseremala na waashi walijaa kila mtaa. Alizaliwa wapi na kwa nani sikumwuliza, naye hakuniuliza mimi. Nilimjua kwa miaka kumi na kitu, nikienda na kurudi, kwa sababu mimi ni mtu wa kwenda na kurudi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa kwenye kazi moja misimu miwili ya mvua. Naandika habari zake kwa sababu ya kuta zake. Hazipo tena. Kumi na moja kati ya hizo nilizipaka chokaa mimi, kwa mikono hii.

Miaka ile ya themanini hoteli isiyo na picha ukutani ilihesabiwa banda tu. Nazungumzia hoteli zetu, za chai na mahamri na mbaazi, meza nne na mabenchi. Wenye hoteli waliotoka bara walitaka simba na ndovu. Wenye hoteli Waislamu, na ndio waliokuwa wengi, hawakutaka chenye roho. Nilikuwepo mara nyingi mapatano yakifanywa, na maneno hayakubadilika sana.

"Nichoree mti, Fundi. Nichoree maji, nichoree jabali. Chenye roho sitaki, hata kuku."

"Hata kuku," Fundi huitikia, kwa uso wa mtu anayekula yamini.

Basi alichora mti na maji na jabali. Ila mti haukuwa mnazi, maji hayakuwa ya Kilindini, na jabali halikuwa la kwetu. Alichora Italia. Ungekaa hotelini mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, kule Kisauni, na kikombe chako, jasho linakutiririka, na mbele yako pana daraja la mawe lililovunjika matao mawili, nyuma yake vilima vya zambarau iliyopauka, na kando ya njia miti myembamba mirefu kama mivinje. Fundi alisema si mivinje, na ukibisha alikasirika. Wapakuzi wa Kipevu na madereva wa malori walikula maharagwe yao chini ya magofu ya Warumi na hakuna aliyeuliza ni wapi. Siku moja nilimsikia dereva akimwelekeza mwenzake: "Tukutane pale kwenye daraja bovu." Fundi alipoambiwa alifurahi siku nzima.

Picha hizo alizinakili kitabuni, na kitabu alikitoa Nyali, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Fundi alikwenda kupaka kuta kwa ajili ya mpangaji mpya. Bibi aliwaambia wafanyakazi wachukue walichotaka kwenye rundo la ukumbini. Mpishi akachukua sufuria, mtunza bustani akachukua mapazia, Fundi akachukua kitabu kikubwa kama sinia ambacho hata lugha yake hakuijua. Ndani mlikuwa na picha za mchoraji mmoja, Mzungu wa karne ya kumi na tisa, na zote zilikuwa za mandhari: njia, vilima, mito, magofu. Nusu zilikuwa za rangi, nusu nyeusi na nyeupe. Mchoraji huyo Fundi alimwita Bwana wa Kitabu, na alimtaja kama unavyomtaja mtu mnayefanya naye kazi.

"Leo Bwana wa Kitabu amenishinda."

Au: "Hapa alichoka. Waziona nyasi hizi? Hizi ni nyasi za mtu mwenye njaa."

Nilikuwa na hamu ya kujua kitabu kinasema nini kuliko yeye mwenyewe. Nilimjua wakala mmoja wa mizigo pale Kipevu, naye alimjua baharia aliyeisoma lugha ile, na siku meli yao ilipokuwa ikipakuliwa tukakaa sisi wanne kantini, Fundi amekishika kitabu kwa mikono miwili hataki kukiachia. Baharia alisoma kidogo kidogo, akasema kwa Kiingereza, nami nikafasiri kwa Kiingereza changu cha darasa la sita. Mchoraji alizaliwa nchi ya baridi. Alipokuwa kijana alikwenda kusini kwa miguu, akafika Italia, akafika mpaka visiwa vya Wayunani, akakaa miaka michache akichora kwenye madaftari. Kisha akarudi kwao, na maisha yake yote yaliyobaki aliyachora yale aliyoyaona kusini, ndani ya chumba chenye jiko la kuotea moto.

"Hakurudi tena huko?" Fundi akauliza.

"Hakurudi."

"Hakuhitaji," Fundi akasema.

Kisha baharia akaweka kidole chini ya picha ya daraja bovu, ile ile ya Ziwa la Ng'ombe. Nikafasiri: "Anasema, daraja karibu na Roma, asubuhi."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Mwulize tena. Labda hajui kusoma."

Nikauliza tena. Baharia akacheka, akaonyesha neno. Fundi akakifunga kitabu.

"Miaka minane," akasema. "Miaka minane nawachorea watu magharibi, kumbe jua lachomoza!"

Kesho yake alikwenda Ziwa la Ng'ombe na kopo la manjano, tayari kuwasahihisha. Akasimama mbele ya ukuta, kopo mkononi, mpaka mwenye hoteli akamwuliza kama anaumwa. Akarudi nalo limejaa. "Watu wale huja kula jioni wakitoka kazini," akaniambia. "Ukiwaonyesha asubuhi utawachosha." Akaendelea kuchora magharibi maisha yake yote, na kila mara alipoifungua picha ile alisema, "Asubuhi, ati," kama anayemkumbusha mtu kosa lake.

Alikuwa na mambo yake. Aliosha brashi kabla ya kumsalimu mtu. Ungempa shikamoo na kumsubiri. Katika hoteli aliyoichora alikaa ameupa ukuta mgongo, kwa kuwa akiuelekea chakula kilimkwama. Hakuweka jina lake popote. Kutoka Likoni kwenda Changamwe au Kisauni lazima uvuke kisiwa, na yeye alikivuka maisha yake yote bila kusimama. Nilimwambia mara moja tushuke tukanywe kahawa mjini.

"Kisiwa ni cha kupitia," akasema. "Kisiwani nikafanye nini?"

Huyu ndiye mtu aliyeweza kukwambia, kilima kwa kilima, njia ya kutoka Roma kwenda baharini.

Kuchora kwetu alikataa. Mtu wa Mtongwe alimwomba ghuba na mikoko yake, akakataa kazi nzima. "Mikoko si anaiona bure kila siku? Mtu hatoi pesa yake kwa kitu anachokikanyaga." Lakini nilimkuta zaidi ya mara moja amechutama ufukoni maji yakitoka, akitazama rangi ya tope, na aliponiona aliinuka akajipangusa kama mtu aliyefumaniwa.

Ulimi wake ulikuwa mkali kwangu hasa. Nikitoka Voi, nikitoka Taveta, nikitoka Tanga, neno lilikuwa moja: "Umerudi? Huko nako wamekuchoka?" Nilicheka. Nilimbebea ngazi na makopo kila nilipokuwa sina kazi nyingine, na mwaka mmoja nilijipa moyo nikamwambia anifundishe. Akanipeleka kwenye ukuta mtupu uliopigwa plasta mpya, akanipa kigoda.

"Kaa hapa siku tatu. Uangalie."

"Niangalie nini?"

"Ukuta."

Nilikaa siku moja na nusu. Kisha lori likapatikana la kwenda Taveta na nikaenda. Niliporudi nikaanza kujieleza, akanikatiza. "Basi, yakhe. Wewe si mtu wa ukuta. Wewe ni mtu wa mlango." Alilisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na hakuna kitu duniani nilichokuwa nimekitaka hadi kukiomba, isipokuwa hicho.

Bwana wa Kitabu alikuwa na kasoro moja kwa kazi ya Fundi: aliweka watu. Wadogo, wa kimo cha kidole. Mchungaji na mbuzi wake, wanawake wanaofua, padri mpweke njiani. Fundi hakuwa mtu wa kujifanya katika dini. Aliswali swala zake tano, na juu ya picha za watu alisema, "Huyo ataka roho. Mimi ninayo moja, naihitaji." Basi watu aliwatoa. Mimi niliona ni jambo jepesi.

"Mtu mdogo hivyo, Fundi. Mruke tu."

"Ukimruka waona shimo. Njia hii yote imepindwa imfikie yeye. Mto umeinamishwa. Huyu bwana hakuchora nchi akatupia mtu, alichora mtu akamtandikia nchi."

Kwa hiyo mahali pa mtu aliweka jiwe, au kisiki, au kichaka.

Sasa nifike Likoni. Hoteli ilikuwa ya Mzee Bakari, mtu wa huko huko, wa familia ya wakulima walioujua mji kabla ya feri, na ukuta wake ulikuwa mrefu kuliko wowote ambao Fundi alikuwa amepewa mpaka siku hiyo. Akachagua picha ya chemchemi: jabali, chini yake birika la mawe, mwanamke anajaza mtungi. Mwanamke, bila shaka, hakutakiwa. Fundi alihangaika siku nne na pale mahali pake. Aliweka jiwe akalifuta. Akaweka kisiki akakifuta. Hoteli ilikuwa imefungwa kwa ajili ya kazi, na sisi wawili tu ndani, na hasira yake.

Siku ya tano alinituma mafuta ya taa. Niliporudi, mchana, jua likiingia kwenye nyufa za mlango, nilimkuta mwanamke ukutani. Hakuwa wa kidole. Alikuwa mkubwa kama mtu aliyekaa mwisho wa chumba, sketi ya rangi ya udongo mwekundu, kitambaa kichwani, mkono juu ya mtungi, uso ameugeuza mlangoni kana kwamba mimi ndiye niliyemshtua. Kitabuni uso ule ulikuwa punje ya mchele. Hapa ulikuwa na macho. Alikuwa amemchora kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi yake ya kupaka lori. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amenipa kisogo. Nikatoka taratibu.

Asubuhi yake palikuwa na kichaka. Kichaka cha rangi ya maji, jani kwa jani, kizuri kuliko kichaka chochote nilichowahi kukiona, cha kuchorwa au cha Mungu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mwanamke."

Akatazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi umeona. Nyamaza."

"Lakini si ungemkwangua kwanza?"

"Wataka nimuue?"

Nikafikiri kidogo. "Na kuta nyingine, Fundi? Nazo zina watu chini?"

Akacheka. Mtu yule alikuwa hacheki kwa urahisi, na mara hiyo alicheka mpaka akaishika ngazi. "Wewe waonaje?" akasema. Nami nikacheka pia. Kicheko kile nilikifanya jibu, nikaishi nalo.

Mzee Bakari alikuja na wanawe. "Mashaallah," akasema. "Hapa pana ubaridi." Akavuta benchi akakaa mbele ya kichaka, na kwa miaka hapo ndipo palipokuwa mahali pake.

Miaka ya tisini ilipoanza alipanua hoteli. Alipiga ukuta wa kugawa chumba, jiko likahamia nyuma, na ule upande wenye picha akautandika mikeka uwe msala, mahali pa kuswalia wafanyakazi na wapita njia. Picha ikaangukia kibla. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa miti na maji. Lakini mvuke wa jiko ulipita ukutani mchana kutwa, na rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki. Jambo hilo hata mimi nilikuwa nalijua. Fundi mzima asilijue! Au alilijua.

Kwanza ulitoka mkono. Juma, mhudumu wa pale, alidhani ni unyevu. Kisha likatoka pindo la kitambaa. Kisha jicho, na jicho halidhaniwi kuwa unyevu. Ijumaa moja, baada ya adhuhuri, mtu mmoja alikatisha nyiradi zake akanyoosha kidole. Siku zile nilikuwa nimerudi kutoka Tanga, napakua makreti ya soda pale pale Likoni, na niliposikia Fundi ameitwa niliingia na watu wengine.

Mzee Bakari alisimama na tasbihi mkononi. "Fundi. Hii nini?"

Fundi alitazama kitambo kirefu. Nilidhani anatafuta uongo. Siku hizi nadhani alikuwa akimtazama tu.

"Ni mwanamke," akasema.

"Mwanamke namwona! Nauliza nani aliyemweka."

"Nilimweka mimi. Alikuwa amefunikwa, Mzee Bakari. Na wakati ule hapa palikuwa pa kula mahamri, hapakuwa msala."

"Hata kuku, nilikwambia! Nawe ukaniitikia kwa mdomo wako, hata kuku!"

"Na kweli kuku hayumo," Juma akanong'ona nyuma, na watu wakacheka, na kicheko hicho kilimwumiza mzee kuliko ile picha.

"Cheka," akamwambia Juma. "Cheka sana. Wewe umeswali hapa mara ngapi?" Akamgeukia Fundi. "Mwaka mzima nasujudu mbele ya huyu. Nikikwambia unirudishie swala zangu, utanirudishia?"

"Swala zako hazikumwelekea yeye."

"Usinifundishe dini kwenye ukuta wangu, Fundi. Toka."

Fundi akatoka. Kabla ya alasiri Juma alikuwa ameupaka ukuta wote chokaa, mara mbili.

Habari ilivuka feri kabla yetu. Kila mwenye hoteli mwenye daraja au magofu ukutani alianza kuvitazama vichaka vyake. Mmoja wa Kisauni aliniambia mkewe haingii tena kwenye chumba cha picha akiwa peke yake. Lakini walikuwa watu wa haki, na walimpenda Fundi, na kuta zile walizionea fahari. Wakakubaliana jambo dogo. Fundi apite kwa kila mmoja, aape kwamba kwake hakuna mtu chini ya rangi, na mambo yaishe. Neno lake lingetosha.

Alikataa. Alimtuma mjumbe na maneno haya: "Mlinipa kazi ya miti. Tazameni kama si miti." Watu walisema ana kiburi. Mimi nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakaniita mimi. Tulikaa Magongo, kule Changamwe, hotelini kwa mmoja wao, watu watatu wazima wenye ndevu, na mmoja akanivutia kiti. Nakumbuka kile kiti. Hakuna aliyewahi kunivutia kiti.

"Mwanangu, wewe ulikuwa ukimbebea ngazi. Tuambie haki ya Mungu. Wamo?"

Nilichokuwa nakijua ni mwanamke mmoja, Likoni, mchana mmoja. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Lakini walikuwa wameinama kunisikiliza, na nilikuwa sijasahau ule ukuta wa plasta na kile kigoda.

"Wamo," nikasema.

"Kote?"

"Kote."

Mwenye hoteli akafunika uso kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa nilikuwa pale na sina kazi, kazi wakanipa mimi.

Nilifuta kumi na moja. Kila ukuta nilianza na vichaka. Nilivikwangua kwa kisu, nikiwa nimeukaribia ukuta hadi pua inagusa, nitafute mkono, nitafute jicho, nimwonyeshe mwenye nyumba. Sikumkuta mtu. Ukuta wa kwanza nilijiambia amemficha vizuri. Ukuta wa nne nilikuwa najua, ila sikutaka kujua, na chokaa ilikuwa imekwisha kuloweshwa. Nikiulizwa "Umemwona?" nilisema, "Alikuwepo. Nimemwondoa." Wakanishukuru.

Ziwa la Ng'ombe nilikuwa juu ya ngazi, nusu ya daraja imekwisha kuwa nyeupe, nilipohisi mtu mlangoni. Fundi alikuwa amebeba mkate chini ya kwapa.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, brashi inanidondokea kwenye mguu.

"Marahaba," akasema. Akasimama kidogo. Kisha akaenda na mkate wake.

Baada ya hapo hakupewa ukuta. Aliandika majina ubavuni mwa malori, akaandika "Usikojoe hapa" kwa mtu yeyote aliyetaka kuandikiwa, kisha macho yakaanza kufunga utando. Mimi nilikwenda Lunga Lunga, nikavuka, nikakaa Tanga, nikafika mpaka Arusha. Kitabu nilisikia kililiwa na mchwa. Sikuuliza zaidi.

Niliporudi, miaka ya tisini ikielekea mwisho, niliambiwa yuko Junda, kwa mpwa wake, Zuhura. Nilikwenda mchana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Zuhura alikuwa akichambua mchele barazani. Alinitazama, ungo umesimama hewani. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukimbebea ngazi?"

"Ndimi."

"Haya." Hakutabasamu. "Mjomba, una mgeni. Yule wa ngazi."

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, amekonda, macho meupe kama maziwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikakaa chini, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na sikustahili.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi. Ni mimi niliyesema wamo."

"Najua. Mwenye hoteli wa Magongo aliniambia wiki ile ile. Alidhani habari hiyo itanifaa."

"Nisamehe."

"Ulifuta ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mtu ulimkuta?"

"Sikumkuta."

"Hungemkuta. Alikuwa yule mmoja. Ukuta ule ulinishinda, nikaona nimweke kwanza, nijue amekaaje, kisha nimfunike. Kuta za kabla yake nilikuwa natia jiwe, na mtu yeyote aona kuwa ni jiwe la kuzibia. Za baada yake sikuhitaji kumweka tena. Nilikwisha kujua namna ya kupaacha mahali pa mtu pajae penyewe." Akapapasa kamba za kitanda. "Hizo ndizo kazi nilizozifanya maishani. Kabla ya hapo nilikuwa nanakili tu."

"Mbona hukuapa, Fundi? Ungeapa tu zingebaki zote."

"Nilikuwa nimekwisha mvunjia Mzee Bakari neno langu. Hilo la pili ningelitoa kwa uso gani?"

Huko nyuma Zuhura alikuwa ameacha kuchambua mchele. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa na mpwa wake.

"Ile ya Magongo," Fundi akasema, na sauti yake ikawa karibu na ya zamani, ya kazini. "Ile haikutoka kitabuni. Niliitunga mwenyewe. Ilichukua wiki sita, nawe hukuwepo, ulikuwa umekwenda zako. Watu wa pale wamekufa au wamehama. Wewe ndiwe wa mwisho kuiona vizuri, mwanangu, ulikaa nayo siku nzima. Mimi siku hizi nikiitafuta yanichanganyikia na nyingine. Hebu niambie. Mlima ulikuwa upande gani?"

Niliutafuta ukuta ule. Nilikumbuka ndoo. Nilikumbuka ngazi iliyokuwa ikicheza mguu mmoja, na ncha ya kisu, na majani ya kichaka yakianguka vumbi la kijani juu ya vidole vyangu. Nilikumbuka kila kichaka. Alikuwa amenigeuzia uso, anasubiri.

"Kushoto," nikasema.

"Kushoto."

"Ndiyo. Mkubwa. Wa zambarau."

Akaugeuza uso wake pembeni.

"Magongo sikuchora mlima," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea barazani. "Zuhura! Mpe mgeni chai. Ana safari."

Sikuwa na safari yoyote siku ile.